Mtoto amepona malaria kali, mbona anasahau?

Tuseme umerudi nyumbani Ifakara na mwanao aliyelazwa kwa malaria kali. Degedege limekoma na homa imeshuka. Miezi michache baadaye unamtuma dukani akalete sukari na chumvi, anarudi na kimoja tu. Mlango ukijibamiza, anaruka. Kabla hujachukua fimbo, soma makala haya.

Masikio ya mtoto hupokea mlio wa bodaboda, redio ya jirani na sauti yako kwa wakati mmoja. Kazi ya ubongo ni kuchuja. Ukishindwa, agizo lako halipati nafasi ya kuhifadhiwa.

Wanasayansi hupima uchujaji huu kwa panya. Kwanza humsikilizisha mlio mkali wa ghafla na kupima anavyoshtuka. Kisha hutanguliza mlio hafifu, chini ya sekunde moja kabla ya ule mkali. Panya ambaye ubongo wake unachuja vizuri hushtuka kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu ule mlio hafifu umeutayarisha ubongo. Kumbukumbu hupimwa kwa njia nyingine: panya huonyeshwa vitu viwili, baadaye kimoja hubadilishwa. Anayekumbuka hukinusa zaidi kile kigeni.

Mwaka 2010 watafiti wa Brazil walionyesha kuwa panya waliougua malaria ya ubongo, wakatibiwa na kupona, walibaki na upungufu katika vipimo vya kumbukumbu. Vimelea vilikwisha, madhara yakabaki.

Kwa binadamu, utafiti wa Kampala, Uganda, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watoto walioumwa malaria ya ubongo. Baada ya miaka miwili, asilimia 26 walikuwa na tatizo la kufikiri, umakini au kumbukumbu, ikilinganishwa na asilimia 8 ya watoto wenzao wa jamii hiyo. Maana yake, wengi hupona vizuri, lakini karibu mmoja kati ya wanne anahitaji msaada.

Mzazi ufanye nini? Anza na masikio. Panya asiyesikia hawezi kupimwa kwa mlio, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu au mkaidi. Malaria kali inaweza kudhuru usikivu, hivyo omba apimwe.

Pili, mpe agizo moja kwa wakati, akiwa anakutazama, na umwombe alirudie. Zima redio anaposoma. Mweleze mwalimu kwamba mtoto aliugua sana, akae mbele. Kumchapa hakurudishi kumbukumbu.

Tatu, tofautisha mshtuko na kifafa. Kichanga kurusha mikono anaposikia kishindo ni kawaida katika miezi ya mwanzo. Lakini mtoto mkubwa anayekakamaa, anayetikisika au kuinamisha kichwa mara kwa mara bila sababu, mpeleke hospitali mapema. Kifafa kina dawa.

Mwisho, kinga. Bonde la Kilombero lina ushahidi wake: mradi wa vyandarua vyenye dawa wa miaka ya 1990, Kilombero na Ulanga, ulionyesha kuwa vyandarua viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Homa ikianza, usisubiri degedege. Nenda ukapime siku hiyo hiyo.