Je, Wajua? Damu Haipendi Kulala

Je, wajua kwamba majeruhi wa ajali ya barabarani huko Mlima Nyoka, Mbeya, aliyeokolewa usiku uleule, anaweza kufa wiki moja baadaye kwa sababu ya mguu ambao haukuvunjika? Akilala bila kujigeuza, damu hutulia kwenye mishipa ya ndani ya miguu na kuganda. Donge likibanduka, husafiri hadi moyoni, kisha huziba mshipa wa mapafu. Safari hiyo ilielezwa na Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19. Siku ya Thrombosisi (damu kuganda mishipani) Duniani huangukia tarehe aliyozaliwa, 13 Oktoba.

Je, wajua kwamba sindano ya kuzuia donge hilo hutoka kwa nguruwe? Mwaka 1916 mjini Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alikuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu. Kwenye ini la mbwa akakuta kinachoizuia isigande! Ndiyo heparini. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe. Mgonjwa Mwislamu, kwa maoni yangu, anastahili kuambiwa mapema. Dozi ya kinga huwa yuniti 5,000, mara mbili au tatu kwa siku, chini ya ngozi ya tumbo. Haiyeyushi donge lililokwisha kuwapo.

Aliyevuja damu ndani ya kichwa hachomwi heparini haraka, maana dawa inaweza kumzidishia. Hapo hutumika mifuko inayovishwa miguuni na kujazwa hewa kwa zamu ili isukume damu. Kwa waliopooza kwa kiharusi, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 uliona mifuko hiyo ikipunguza madonge kutoka asilimia 12.1 hadi 8.5. Soksi za kubana, ambazo wengi huziamini, zilishindwa kuwasaidia wagonjwa wa aina hiyohiyo katika utafiti wa mwaka 2009: hazikuzuia donge, zikawachubua ngozi.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina la ziada. VVU na kifua kikuu huongeza hatari ya damu kuganda, na utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliikuta Iringa na asilimia 11.3 ya watu wazima wenye VVU, Mbeya 9.3.

Ndugu wanaouguza nao wana desturi moja ya hatari: mguu mmoja ukivimba, huuchua kwa mafuta na maji ya moto. Kama kuna donge, kuchua kunaweza kulibandua. Aitwe muuguzi kwanza.

Na si wagonjwa peke yao. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi, iwe kwa ndege au basi, hukaribia kuongeza hatari ya damu kuganda maradufu, ingawa bado ni ndogo: takriban msafiri 1 kati ya 6,000. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni, shuka, hata kama huhitaji vitunguu vinavyouzwa hapo.