Leza Ilikuwa ya Nani?

Wako wengi wadhanio kwamba hataza ni tuzo ambayo serikali humpa mtu mwerevu kwa kuwa amevumbua kitu kizuri, ilhali kwa hakika ni mapatano: mvumbuzi huifunua siri ya kazi yake, kiasi cha fundi mwingine wa ufundi ule ule kuweza kuitengeneza kwa kusoma maelezo peke yake, na serikali, kwa badali ya siri hiyo, humpa haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza kwa muda maalumu, ambao siku hizi katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya maombi. Muda ukiisha, siri ni ya kila mtu.

Waraka wenyewe si mtamu kusoma. Mwaka 1882 John Boultbee Brooks wa Birmingham, Uingereza, ambaye biashara yake ilikuwa bidhaa za ngozi, aliomba hataza ya kiti cha baiskeli, na tangu zama zile viti vya baiskeli vimejaza makabati ya ofisi za hataza kwa wingi usiolingana na udogo wa kitu chenyewe, maana kila apataye maumivu ya nyonga hudhani amepata dawa yake. Ndani ya waraka wa namna hiyo mna michoro ambayo kila kipande chake kimetiwa nambari, kisha maelezo, na mwisho madai. Na madai ndiyo yenye nguvu ya sheria, mfano wa mipaka katika hati ya shamba. Mtu akidai kiti chenye ngozi iliyowambwa juu ya fremu ya chuma, pamoja na skrubu mbele ya kukazia ngozi ikilegea, na springi mbili nyuma, basi jirani atengenezaye kiti kama hicho kwa springi moja amesimama nje ya mpaka. Mdai akilifuta neno la springi, shamba lake limepanuka, lakini pengine sasa limeingia katika ardhi ya aliyemtangulia, na dai zima likabatilika. Ujira mkubwa wa wakili wa hataza ni kwa ajili ya kuyapima maneno kati ya khofu hizo mbili.

Katika mlango huu sijui kisa kirefu kuliko cha leza. Mwezi wa Novemba 1957 Gordon Gould, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 37 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliandika katika daftari hesabu za jinsi nuru iwezavyo kuzidishwa nguvu, na jina la leza akaliandika papo hapo. Asili ya jambo ilikwisha kuelezwa na Einstein mwaka 1917: atomu iliyotiwa nishati, ikipitiwa na nuru ya rangi ile ambayo yenyewe yaweza kuitoa, huitoa iwe pacha wa ile iliyopita. Gould alichora mrija wenye vioo viwili vinavyotazamana, vikiirudisha nuru huku na huku, nayo ikiongezeka kila safari, hata baadhi yake itoke kwa kupenya kioo kimoja kisichoakisi kikamilifu. Tarehe 13 alilichukua daftari mpaka duka la peremende katika mtaa wa Bronx, ambalo mwenyewe alikuwa pia mthibitishaji wa hati, naye akazitia kurasa zile saini na muhuri.

Laiti angalikwenda siku ile ile kwa wakili aliyeijua kazi yake! Gould aliamini kwamba hawezi kuomba hataza mpaka aunde mashine na kuiwasha, jambo ambalo sheria haikumtaka alifanye, akakawia mpaka Aprili 1959. Kumbe Charles Townes, mwalimu katika chuo kile kile, na shemeji yake Arthur Schawlow wa maabara ya Bell, walikwisha kuomba Julai 1958, wakapewa hataza Machi 1960. Theodore Maiman naye, ambaye hakuwa upande wowote wa daawa hii, ndiye aliyeiwasha leza ya kwanza duniani, kwa kijiti cha yakuti kilichozungukwa na taa ya kumweka, huko California tarehe 16 Mei 1960.

Sheria ya Marekani wakati ule ilimtafuta aliyevumbua kwanza, wala si aliyeomba kwanza, kwa hiyo daftari la Bronx lilipasa kumfaa. Lakini mwaka 1966 mahakama ilisema kuwa daftari lilithibitisha siku ya wazo tu, na mvumbuzi hana budi kuonyesha pia kwamba tangu siku hiyo aliishughulikia kazi yake bila kuzembea. Ushahidi wa bidii hiyo haukutosha. Fauka ya hayo, kampuni aliyoitumikia ilipata fedha za jeshi kwa ajili ya leza, na yeye, kwa sababu ya usuhuba wake wa zamani na Wakomunisti, akanyimwa ruhusa ya kuingia katika kazi iliyozaliwa na fikra zake.

Hakuacha kudai, na mwaka 1977 alipewa hataza ya namna ya kuitia leza nishati kwa nuru. Kwa kuwa muda ulihesabiwa miaka 17 tangu siku ya kupewa, kukawia kule kuligeuka neema: mwaka 1960 leza haikuwa na mnunuzi, lakini sasa ilikuwa imeenea viwandani na hospitalini, na wenye viwanda walishindana naye mahakamani miaka mingi kabla ya kukubali kulipa. Namwonea Gould huruma, lakini sheria ile siisifu, maana watu walikwisha kujenga karakana kabla hawajaonyeshwa mpaka. Marekani iliibadili hesabu ya muda mwaka 1995, na tangu 2013 nayo humtazama aliyewahi kuomba.

Japani ilikuwa na kanuni hiyo zamani. Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden aligundua kwamba, ukipitisha nuru mwilini, mfupa, ngozi na damu ya vena huimeza kwa kiasi kisichobadilika, ilhali damu ya ateri huimeza kwa kupanda na kushuka pamoja na mapigo. Basi apimaye kile kinachopiga peke yake, kwa nuru mbili tofauti, atajua oksijeni iliyomo bila kutoboa mshipa. Kihisi cha namna hiyo ndicho tubanwacho kidoleni hospitalini. Ombi lake liliingia Machi 1974, na la kampuni ya kamera ya Minolta, kwa wazo lile lile, Aprili. Minolta ilikataliwa Japani, lakini huko Marekani ilipata hataza.

Maana hataza haivuki mpaka wa nchi iliyoitoa. Kwetu, Itifaki ya Harare ya 1982 imeleta nafuu: ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, hupokea ombi moja, na mwombaji hutaja nchi wanachama azitakazo, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Ombi likisha kuchunguzwa, kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake, ikinyamaza, imekubali.