Taa Inayojua pa Kumulika

Mwezi Machi 2016, IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari kwa fedha za kampuni za bima, ilitangaza matokeo ya kwanza ya mtihani wake wa taa za mbele. Magari 31 ya ukubwa wa kati yaliingizwa uwanjani usiku, yakapitishwa kwenye njia iliyonyooka na kwenye kona, na vipimo vikarekodi mambo mawili: mwanga unafika umbali gani, na ni kiasi gani kinachomwingia machoni dereva anayekuja upande wa pili. Yalikuwemo magari ya kifahari, mengine yakiwa na taa zinazofuata kona. Alama ya juu ilikwenda kwa gari moja tu: Toyota Prius v, gari la familia, likiwa limefungwa taa za LED. Prius v hiyohiyo ikiwa na halojeni za kawaida iliporomoka hadi ngazi ya mwisho.

Kwa taa za dimu, Prius v ya LED ilionyesha barabara hadi mita 118 hivi. BMW 3 yenye halojeni iliishia mita 39. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa anakula mita 22 kila sekunde. Akichukua sekunde moja na nusu kutambua kuwa kuna punda barabarani na kukanyaga breki, mita 33 zimeshakwisha. Zinabaki sita za kusimamisha gari zima.

Kwa miongo mingi dereva hakuwa na la kuchagua. Halojeni ni waya wa tungsteni unaopashwa moto hadi ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto. Balbu ya H7 ya wati 55 hutoa lumeni 1,500 hivi. Mwaka 1991 BMW iliweka kwenye gari lake la mfululizo wa 7 taa zisizo na waya wa kuungua kabisa. Zilitegemea zenoni, gesi iliyogunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, adimu kiasi kwamba hewa tunayovuta haina hata sehemu moja ya gesi hiyo katika sehemu milioni kumi.

Ndani ya balbu ya zenoni kuna ncha mbili za tungsteni, zimetenganishwa kwa milimita 4 hivi. Kifaa kiitwacho balasti hurusha umeme unaozidi volti 20,000, cheche inavuka pengo, na zenoni inawaka papo hapo kwa mwanga wa kibuluu. Joto lake linageuza chumvi za metali zilizomo ndani kuwa mvuke, na mvuke huo ndio hasa unaotoa mwanga mweupe anaoujua dereva. Baada ya hapo balasti inashusha umeme hadi volti 85, au 42 kwa balbu zisizo na zebaki. Wati 35 tu, lumeni 3,200: zaidi ya mara mbili ya halojeni, kwa umeme mdogo zaidi.

Lakini moto wa zenoni ni mmoja, na haupendi kuwashwa na kuzimwa. Huchukua sekunde kadhaa kufikia nguvu yake yote, na kila kuwasha kunapunguza umri wa balbu. Ndiyo maana magari mengi ya zenoni hayana balbu ya pili kwa ajili ya fulu. Mbele ya moto huwekwa kikinga cha chuma: kikisimama, sehemu ya juu ya mwanga inakatwa na dereva anapata dimu, kikilala, mwanga wote unatoka.

Kutoka hapo wahandisi walihamia kwenye kona. Citroën DS ya mwaka 1967 tayari ilikuwa na taa zilizogeuka pamoja na usukani, zikivutwa kwa waya na vyuma. Toyota Harrier ya 2003, ambayo bado inaonekana sana Dar es Salaam na Nairobi, ilipatikana na zenoni zinazogeuzwa na mota ndogo baada ya kompyuta kusoma pembe ya usukani na mwendo wa gari. Anayeteremka mlima wa Kitonga, Tanzania, usiku anaelewa faida yake bila kuelezwa. Taa iliyokazwa mahali pamoja humulika korongo wakati barabara imeshakata kushoto. Inayogeuka humwonyesha lori lililoharibika nyuma ya kona, kabla hajalifikia.

LED ilifika kwa njia nyingine kabisa. Ni diodi, isiyo na moto wala gesi. Mwanga huzaliwa pale elektroni zinapovuka mpaka ndani ya kipande cha kitu kigumu. Nyekundu na kijani zilikuwepo kwa miaka mingi, ila bila buluu, nyeupe haikuwezekana. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata diodi ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi hiyo ikifunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa manjano, jicho huona nyeupe. Lexus LS 600h iliiweka kwenye taa za dimu mwaka 2007, na muda si mrefu Audi R8 ikaja na taa za mbele zenye LED kila mahali.

Diodi moja ina ukubwa wa milimita moja hivi, huwaka bila kusubiri, na inaweza kuzimwa mara nyingi bila kuumia. Haya ndiyo yaliyobadilisha mchezo, kuliko wingi wa lumeni. Mwaka 2013 Audi A8 ilipewa diodi 25 za fulu kwenye kila taa, na kamera nyuma ya kioo cha mbele. Kamera ikiona gari linakuja, diodi chache zinazolielekea huzimwa, na kivuli chembamba hulifuata gari hilo hadi lipite. Pembeni fulu inaendelea kuwaka. Dereva anaona waenda kwa miguu kando ya barabara, na mwenzake hapofuki. Mwaka 2016 Mercedes E ilifikisha diodi 84 kwa kila taa. Zenoni nayo ilijaribu: Volkswagen Touareg ya 2010 ilitumia kikinga kinachozunguka kukata kipande cha mwanga mbele ya gari jingine. Ilifanya kazi, lakini kusogeza chuma mbele ya moto mmoja hakuwezi kufikia wepesi wa kuzima nukta moja kati ya themanini.

Hapa ndipo mabishano ya vijiweni kuhusu taa ipi ni kali yanapopotea njia. Zenoni nzuri inaweza kumwaga mwanga mwingi kuliko LED ya bei nafuu. Tofauti iko kwenye uwezo wa kuuelekeza, na sheria za Ulaya zimelitambua hilo kwa muda mrefu: balbu ya dimu inayozidi lumeni 2,000 lazima iambatane na mtambo unaosawazisha taa wenyewe na kirusha maji cha kuosha kioo chake. Kioo chenye tope hutawanya mwanga, na gari lililobeba mizigo nyuma huinua pua na kuupeleka machoni mwa watu.

Kwenye barabara zetu kuna kosa linaloumiza watu kila usiku. Fundi anachukua balbu ya zenoni na balasti yake, anaifunga ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni, na mteja anaondoka amefurahi. Kioo cha ndani cha taa hiyo kilikokotolewa kwa waya mfupi ulionyooka uliokaa mahali mahususi. Moto wa zenoni umepinda na ncha zake zinang'aa kupita katikati, kwa hiyo mwanga unarushwa ovyo, mwingi ukielekea juu. Balbu nyingi za LED za kuchomeka zina tatizo lilelile. Anayekuja mbele anapofuka. Hakuna anayestahili kufa kwa sababu ya balbu.

Hata taa halisi ya kiwandani inaweza kukosea upande. Ukingo wa juu wa dimu hauko sawa. Huinuka upande wa nje ya barabara ili kumwonyesha dereva alama na watu. Gari la Japani huinua kushoto, na hilo linafaa Tanzania, Kenya na Uganda. Burundi hupita kulia lakini magari ya Japani ni mengi, na huko ule mwinuko huangukia wanaokuja mbele.

Kwenye matengenezo, zenoni ina unafuu mmoja mkubwa: balbu hubadilishwa bila kununua taa nzima. Balbu ikichakaa mwanga huhamia kwenye rangi ya zambarau, na fundi hubadilisha mbili kwa pamoja ili zilingane. LED za kiwandani hudumu zaidi, ila nyingi zimefungwa ndani ya taa moja kwa moja. Feni ya kuzipoza ikifa, au sinki la joto likijaa vumbi la barabara ya changarawe, kompyuta hupunguza umeme ili kuilinda diodi na mwanga unafifia. Ikiungua, mara nyingi hununuliwa taa nzima.

Anayenunua gari lililotumika aliangalie usiku, kwenye uwanja tambarare, taa zikielekea ukutani. Yakiwashwa, magari mengi ya zenoni hushusha na kupandisha mwanga mara moja; upande mmoja ukikataa, mota au kihisi cha ekseli kimekufa, jambo la kawaida kwa gari lililoinuliwa kwa spesa. Kwa Toyota, maandishi ya AFS OFF yakipepesa kwenye dashibodi yanasema taa zimeacha kufuata kona. Kioo kilichogeuka manjano kikisuguliwa kwa dawa ya meno hung'aa kwa muda kisha hurudi palepale, kwa kuwa lile tabaka linalokikinga na jua limeshaondoka. Bei ya taa mpya iulizwe dukani kabla ya kukubaliana bei ya gari.