Kifusi Kikae Chini ya Lami

Barabara ya lami hula mawe. Kilomita 65 za kutoka Korogwe hadi Handeni, na ile njia kuu ya kwenda Same kupitia Mkumbara iliyokarabatiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, zilihitaji kokoto za kulipuliwa, kusagwa na kusombwa kwa malori. Huku mijini kila jengo la zege linalovunjwa lina kokoto ndani yake, na nyingi huishia korongoni. Upotevu huo unaniuma. Lakini siungi mkono wazo la kusaga kifusi na kukichanganya na lami ya juu.

Chukua kipande cha zege, ukitazame pale kilipovunjikia. Kokoto ya ndani bado ni ngumu, ila imegandwa na saruji ya kijivu yenye vitundu. Idondoshee maji: kwenye jiwe tone linatulia, kwenye saruji linanyonywa. Lami ya moto nayo hunyonywa vivyo hivyo, kwa hiyo mchanganyiko wa kokoto za kifusi hudai lami zaidi ndipo ushikamane. Lami tunaiagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kuokoa kokoto kwa kuongeza lami ni hasara.

Mahali pa kifusi ni chini, kwenye msingi na tabaka linaloubeba. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unapanga changarawe kwa CBR, yaani kipimo cha uwezo wake wa kubeba mzigo: G80 kwa msingi, G45 kwa tabaka la chini yake. Zege lililosagwa, likachekechwa na kushindiliwa likiwa na unyevu unaotakiwa, linaweza kufaa huko, mradi maabara ndiyo iamue. Utafiti uliofanyika nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulichukua sampuli nane za vifusi, ukafyatua matofali kwa kokoto za kifusi tupu. Asilimia 85 ya yaliyopimwa yalifikia nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa Tanzania. Kokoto hizo zilikuwa dhaifu kuliko za asili, na tofali si barabara. Lakini tairi haligusi msingi; uzito hufika huko ukiwa umeshasambazwa na tabaka za juu.

Kazi ngumu ni kuchambua. Ukuta wa miti na udongo hauna cha kuipa barabara, tofali la kuchoma husagika, jasi ya dari huleta matatizo ikikutana na saruji na maji. Mabati ya zamani ya asbesto yasiguswe na mashine ya kusaga hata kidogo, maana vumbi lake huua wafanyakazi miaka mingi baadaye. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kupisha upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha. Pale zege lilikuwa hatua chache tu kutoka eneo la kazi. Korogwe haipati rundo kama lile kwa siku moja. Inahitaji uwanja wa kukusanyia kidogo kidogo, na mtu wa kukataa lori lililochanganya takataka.

Kinachostahili kurudi juu ni lami kuukuu inayokwanguliwa barabara inapokarabatiwa, kwa sababu kokoto zake zimeshavikwa lami. Marekani, zaidi ya asilimia 20 ya mchanganyiko mpya wa lami, kwa wastani, hutokana na lami kuukuu.

TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, unahudumia mtandao ambao sehemu kubwa yake bado ni udongo, na mitaa ya Korogwe ni sehemu ya mzigo huo. Mkandarasi hulipwa kwa kilichoandikwa kwenye BOQ, orodha ya kazi na vifaa ya mkataba. Ikiwa imeandikwa changarawe ya machimbo tu, atalipita rundo la kifusi akaenda machimboni, wala hana kosa. Iandikwe basi, kwa mtaa mmoja, mita 200 za msingi wa zege lililosagwa, na zipimwe kabla ya masika na baada yake.