Kauchu ya raketi: ipime mbele ya kutoa feza

Rubaya, hakuna negosian anayelipa kwa kuangalia rangi ya mchanga. Anapima kilo, anatafuta asilimia ya tantale ao ya bati iliyo ndani, ndipo bei inasemwa. Lakini muchimbaji huyo huyo, akienda kumununulia mutoto wake raketi ya tenisi ya meza, anaweza kuchagua ile inayong'aa kupita zingine. Na feza ya siku nyingi za shimo inaenda hivyo.

Ubao wa raketi unadumu. Kinachochoka ni kauchu, ile ngozi iliyobandikwa juu yake, na ndiyo inashika kampira.

Nguvu ya kauchu ilionekana Bombay, India, mwaka 1952. Mujapani Hiroji Satoh alifika kwenye mashindano ya dunia na raketi iliyofunikwa eponji nene. Wapinzani wake walizoea kusikia mulio wa kampira kwenye raketi. Kwa Satoh hawakusikia karibu kitu. Akawa bingwa wa dunia. Kiisha shirikisho la dunia, ITTF, likaweka mupaka: kauchu, eponji na gundi pamoja visipite milimita 4.

Na rangi je? Kuna wachezaji waliobandika kauchu mbili za tabia mbalimbali lakini za rangi moja, wakawa wanageuza raketi ili mupinzani asijue anapigiwa na upande gani. Ndiyo maana sheria ikaomba upande mumoja uwe mweusi na wa pili uwe na rangi kali. Rangi iko kwa faida ya macho ya mupinzani. Haionyeshi kauchu gani ni nzuri. Hata alama ya ITTF karibu na mushikio inasema tu kwamba kauchu imeruhusiwa.

Basi tupime namna gani? Kwanza pangusa kauchu na kitambaa safi chenye maji kidogo, iache ikauke. Vumbi ya barabara zetu inaweza kufanya kauchu nzuri ionekane imekufa.

Kiisha angalia namna inavyoshika. Lalisha raketi mezani, weka kampira juu, kagandamize kidogo na kiganja ukikasukuma mbele. Kakiviringika bila kuteleza, kauchu iko hai. Zingine zinanata, zingine hazinati lakini zinashika vizuri. Usikatae kauchu juu ya hiyo tu. Zile za vinundu virefu zimetengenezwa kusudi ziteleze, hazipimwi hivi.

Jaribio la pili ni kuruka. Angusha kampira toka sentimita 30 juu ya raketi iliyolala kwenye meza ngumu, mara 10. Fanya vilevile na raketi nyingine, kampira kale kale, na utie alama ukutani. Ile inayorusha juu zaidi ina mbio, lakini mbio inataka mukono unaojua. Kwa mutoto anayeanza, eponji ya milimita 1,5 mpaka 1,8 inamusaidia kuongoza kampira.

Jaribio la mwisho ni mezani. Mwenzako akutumie tupira 20 namna moja, mutu wa tatu ahesabu tunaoangukia meza ya pili. Badilisha raketi, anza tena. Rudia siku nyingine, sababu mukono ukichoka hesabu inadanganya.

Hali ya hewa nayo inaingia. Kwenye baridi ya milima ya Masisi, kauchu inakuwa ngumu kidogo na kampira hakaruki sana. Kwenye pori la Walikale, unyevu unakaa juu ya kauchu na kampira kanateleza. Panguza kila mara. Fasi zote mbili, jua ni adui: usiache raketi juu ya mabati ao dirishani. Ukimaliza kucheza, funika kauchu na plastiki safi.

Kauchu ya zamani inajionyesha: katikati inakuwa laini kama kioo, pembeni inamenyeka. Mara nyingi ubao ungali muzima, kinachobadilishwa ni kauchu tu, na feza nyingi inabaki nyumbani.

Mutoto anayeshindwa kila siku, watu wanasema haraka kwamba hana kipaji. Papa, mama, mbele ya kumuambia aache, mumuombee raketi ya mwenzake kwa dakika 10 na muhesabu. Labda kilichokufa ni kauchu.