Baiskeli katika Barabara za Changarawe Masakta: Njia Zipo, Kazi ni Kuzitunza

Barabara kuu ya lami itokayo Babati kwenda Singida kupitia Katesh hubeba mabasi, malori ya mizigo na magari madogo usiku na mchana. Kando ya barabara hiyo, katika ukanda wa Masakta mpakani mwa wilaya za Hanang na Mbulu mkoani Manyara, upo mtandao mwingine ambao wasafiri wengi hawaufahamu. Ni barabara za changarawe na udongo zinazounganisha vijiji, mashamba, minada na visima. Humo mwendesha baiskeli anaweza kusafiri kwa muda mrefu akipishana na mifugo na watembea kwa miguu zaidi kuliko magari.

Uendeshaji wa baiskeli katika barabara za aina hiyo umekuwa mchezo na utalii unaokua kwa kasi duniani. Katika milima ya Alpi barani Ulaya, njia ya baiskeli ya Alpe Adria huanzia Salzburg nchini Austria, huvuka mpaka na kuishia Grado, pwani ya Italia, umbali wa takribani kilomita 400. Sehemu ya njia hiyo imejengwa juu ya tuta la reli iliyoacha kutumika, hivyo mwinuko wake ni mpole na magari hayaruhusiwi. Jirani zaidi, nchini Kenya, mbio za siku nne za Migration Gravel Race zilianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, na zimewakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wenzao wa mataifa mengine.

Masakta haina reli ya zamani ya kugeuzwa njia ya baiskeli. Ilicho nacho ukanda huo ni barabara za vijijini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za umma katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni barabara kuu na za mikoa, zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Kundi la pili ni barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Kwa mwendesha baiskeli anayekwepa magari, barabara za mlisho na za jamii ndizo zenye manufaa zaidi, kwa kuwa gari hupita huko kwa nadra, mara nyingi siku ya mnada au wakati wa mavuno.

Mandhari ya eneo hili hutoa safari za aina tatu. Ya kwanza ni ya chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 na unaotajwa kuwa wa nne kwa urefu nchini. Huko njia huelekea Ziwa Balangida, ambalo maji yake ni ya chumvi na kingo zake hukauka na kuwa nyeupe wakati wa kiangazi. Ya pili ni ya uwanda wa Basotu, penye ziwa la maji baridi na mashamba makubwa ya ngano yaliyoendelezwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Kanada. Ardhi ya huko ni ya mawimbi mapana, na njia huweza kuendelea hadi Haydom, upande wa Mbulu. Ya tatu ni ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh na nyanda za juu za Mbulu. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwani humtaka mwendeshaji awe na gia nyepesi wakati wa kupanda na breki madhubuti wakati wa kushuka.

Ubora wa njia hizi hutegemea maji kuliko kitu kingine chochote. Barabara ya changarawe iliyochongwa vizuri huwa na mgongo ulioinuka katikati, ili mvua inyeshapo maji yatiririkie katika mitaro ya pembeni na kutolewa mashambani kwa utaratibu. Mgongo huo ukisawazika, au mtaro ukiziba, maji hugeuza barabara kuwa mto. Kwanza huondoa udongo laini na kuacha mawe matupu, kisha huchimba mfereji, na baada ya misimu michache mfereji huwa korongo. Kwa upande mwingine, magari yanayokwenda kasi wakati wa kiangazi hutengeneza mikunjo midogo inayofanana na bati, ambayo huchosha mikono ya mwendesha baiskeli na kulegeza karanga za chombo chake.

Kwa sababu hiyo, msimu ni jambo la kwanza la kuzingatia. Mvua za eneo hili hunyesha zaidi kati ya Novemba na Mei. Katika miezi hiyo udongo mweusi wa mabondeni hunata katika magurudumu hadi yakakataa kuzunguka, na vivuko vya makorongo hujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali mlimani. Kipindi cha kuanzia Juni hadi Oktoba ndicho kinachofaa, ingawa vumbi huwa jingi na upepo wa uwandani huwa mkali.

Umuhimu wa kuyaongoza maji hauhitaji kuelezwa mara mbili kwa wakazi wa Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka na kuporomosha tope, mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba, mashamba na miundombinu viliharibiwa. Maporomoko ya ukubwa huo hayatokani na njia za baiskeli wala hayazuiwi nazo. Hata hivyo, yameonyesha jinsi ardhi ya miteremko hii ilivyo nyepesi kudhurika. Njia mpya inayoshuka mlimani moja kwa moja huwa mfereji wa kwanza wa mvua ijayo, ilhali ile inayofuata kontua huuacha mteremko ukiwa salama.

Jambo jingine ni kwamba njia hizi zina wenyewe. Asubuhi wanafunzi huzitumia kwenda shule, wakulima hubebea mahindi na maharage, na wafugaji wa Kibarabaig na Wairaqw huzipitisha ng'ombe kwenda malishoni na majini. Kwa wakazi wengi baiskeli si mchezo. Ndiyo inayobeba madumu ya maji, magunia na wakati mwingine mgonjwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Kwa hiyo njia yoyote ya utalii inayokatiza malisho, mashamba au maeneo ya maziko na mila inapaswa kukubaliwa kwanza na kijiji husika, na ikiwezekana iingizwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi pamoja na mapito ya mifugo.

Mgeni anayepanga safari anashauriwa kufika katika ofisi ya kijiji kabla ya kuingia njia asiyoijua, na kuchukua mwongozaji mwenyeji. Matairi yenye upana wa kati ya milimita 35 na 50 huhimili changarawe vizuri zaidi kuliko matairi membamba ya lami. Mpira wa akiba, viraka na pampu ni vya lazima, kwa kuwa miba ya migunga na mbigili haichagui baiskeli ya gharama kubwa wala ya kawaida. Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha, kwani uwandani vituo viko mbali. Akutanapo na kundi la ng'ombe, mwendeshaji hushuka, husimama kando na kuwaacha wapite. Katika msitu wa hifadhi wa Mlima Hanang, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ruhusa hutakiwa kabla ya kuingia.

Gharama ya kuwa na njia hizi ni ndogo ikilinganishwa na ya kujenga mpya, kwa kuwa kinachohitajika zaidi ni kuzibua mitaro kabla ya mvua, kurekebisha sehemu korofi mapema na kuweka alama katika njia panda. Kazi hizo ndizo zilezile zinazomwezesha mkulima wa Masakta kufikisha mazao mnadani na mama mjamzito kufika zahanati. Njia ikipitika kwa mwanafunzi na kwa punda aliyebeba maji, itapitika pia kwa mgeni mwenye baiskeli, na fedha atakazolipa kwa chakula, malazi na mwongozaji zitabaki kijijini.