Vitabu Sita vya Asia, Wasomaji Wawili, Kitanda Kimoja

Msomaji wangu, hebu jiulize. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa mkazungumza jambo lisilohusu kodi ya nyumba, ada ya mtoto au nani atapeleka gari kwa fundi? Kama unajikuna kichwa, karibu tukae wote, maana ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ndiyo maana mwaka huu mimi na mume wangu tumejiwekea changamoto: vitabu sita vya waandishi wa Asia, kila kimoja miezi miwili, tunasoma nakala moja kwa zamu, halafu tunakijadili.

Kwa nini Asia? Kwa sababu Asia tayari ipo sebuleni. Mama zetu walilia na sinema za Kihindi, na sisi tunachelewa kulala kwa tamthilia za Kikorea na Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Lakini kwenye tamthilia mama mkwe ni mbaya tangu dakika ya kwanza, na kijana tajiri lazima aje kuomba msamaha akiwa amelowa mvua. Kitabu kinakuingiza hadi jikoni kwa watu, ukaone kwa nini huyo mama mkwe yuko vile.

Shida ni kuchagua. Asia inaanzia Uturuki hadi Japani, na ukiingia duka la vitabu bila mpango utatoka na Wahindi watatu na Murakami mmoja. Si vibaya, lakini hapo safari bado. Wengi huchagua kwa kufuata tuzo. Mimi naona tuzo ikusaidie kupunguza orodha tu. Swali lenyewe ni hili: jambo gani mnalikwepa nyumbani? Tafuteni kitabu chenye jambo hilo, mwandishi aanze kulisema yeye.

Sisi tulianza na Jhumpa Lahiri, kitabu chake cha hadithi fupi "Interpreter of Maladies", kilichotoka mwaka 1999 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2000. Najua mtabisha: huyu kazaliwa London, kakulia Marekani, wazazi ndio Wabengali kutoka India. Ni mwandishi wa Asia kweli? Kwetu tumewakubali na wenye asili ya huko, basi yaishe. Kwa hesabu hiyo hata M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia hapa hapa Dar es Salaam, angeingia. Mume wangu akakataa katakata: "Huyo wa kwetu bwana, tafuta mgeni."

Hadithi ya kwanza ya Lahiri inahusu mke na mume wanaoishi Boston. Wanapata taarifa kuwa umeme utakatwa kwa saa moja kila usiku, kuanzia saa mbili, kwa siku tano. Miezi michache nyuma mtoto wao alizaliwa akiwa amekufa, na tangu hapo kila mmoja anamkwepa mwenzake ndani ya nyumba ile ile. Gizani, kwa mwanga wa mshumaa, wanaanza kuambiana siri. Mke kazi yake ni kusaka makosa ya uchapaji vitabuni, kama mimi tu.

Sasa nikwambie. Mwaka 2019 tulipoteza ujauzito wa miezi mitano. Ndugu walikuja, wakasema Mungu atawapa mwingine, chai ikanywewa, wakaondoka. Mimi na mwenzangu hatukulizungumza tena. Si kwamba tuligombana, hapana, kila mtu alikuwa anamwonea mwenzake huruma. Usiku alipomaliza hadithi ile alifunga kitabu, akanyanyuka akazima taa mwenyewe, wala haukuwa mgao. Akaniambia yule mtoto alikuwa ameshampa jina. Miaka yote hiyo sikujua. Tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri. Jina lenyewe linabaki nyumbani kwetu.

Hadithi nzima haifiki kurasa thelathini. Kwa hiyo kama mwenzi wako ni wale wa "mimi si mtu wa vitabu", anza naye kwa hadithi fupi. Usimtwishe riwaya nene halafu ulalamike kuwa hakupendi.

Cha pili tulikimaliza wiki mbili tu: "Convenience Store Woman" cha Sayaka Murata wa Japani, kilichopata tuzo ya Akutagawa mwaka 2016. Dada wa miaka 36 amefanya kazi dukani miaka 18, hajaolewa, na hana tatizo lolote na maisha yake. Wenye tatizo ni ndugu na marafiki. Nyie wa "utatuletea lini mkwe?" someni mkome. Kinachekesha, lakini kicheko kinakukwama kooni.

Korea ilituletea ubishi. Mimi nilimtaka Han Kang, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2024, na "The Vegetarian" yake, ambamo mke anaacha kula nyama na familia nzima inamgeuka. Shoga yangu aliyekisoma akanionya kuwa si kitabu cha kusoma kabla ya kulala. Tukamchukua Cho Nam-joo na "Kim Jiyoung, Born 1982", kilichotoka mwaka 2016 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Ni habari za mwanamke anayeacha kazi ofisini baada ya kujifungua. Hakuna mume katili humo, ndiyo hatari yake. Mume ni mtu mwema anayeahidi "kukusaidia" na mtoto. Mwanaume wangu alilisoma hilo neno "kukusaidia" mara mbili, akaninyamazia. Siku mbili baadaye chupa za mtoto wetu zilikuwa zimeoshwa kabla sijaamka.

Halafu tukaenda Oman. Watu wanasahau kuwa Oman ipo Asia, na sisi wa mwambao ndio tusingepaswa kusahau: masultani wa Zanzibar walitoka huko, na hadi leo Muscat utawakuta watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani. "Celestial Bodies" cha Jokha Alharthi kilipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019, na pauni 50,000 aligawana sawa na Marilyn Booth aliyekitafsiri kutoka Kiarabu. Nimeipenda sana hiyo, mtafsiri kulipwa kama mwandishi!

Kuna dada watatu kijijini. Mkubwa, Mayya, anampenda mtu kimoyomoyo, anaozwa mwingine, na mtoto wake wa kwanza anamwita London. Mumewe Abdallah kalelewa na Zarifa, mtumwa wa baba yake. Oman ilipiga marufuku utumwa mwaka 1970 tu, na kitabu kinaonyesha jinsi bwana na mtumwa walivyoendelea kuishi nyumba moja baada ya hapo. Kisome taratibu maana wahusika ni wengi. Mchoro wa ukoo mwanzoni utakuokoa. Hapa kila mmoja alilazimika kujibu kama kuna "Ali" aliyemficha moyoni. Majibu msiniulize.

Sasa tuko kwenye "A Thousand Splendid Suns" cha Khaled Hosseini, wake wawili wa mume mmoja mjini Kabul. Cha sita bado hatujaafikiana. Mimi nataka "Heart Lamp" cha Banu Mushtaq wa India, kilichopata tuzo ya International Booker mwaka 2025. Yeye anataka "To Live" cha Yu Hua wa China, kuhusu mwana wa tajiri aliyemaliza mali ya ukoo kwa kamari. Nina maswali yangu kuhusu mikeka ya mpira wa Jumamosi, kwa hiyo huenda nikamwachia. Tumekubaliana atakayemaliza Hosseini kwanza ndiye anachagua. Alama yake ni risiti ya mafuta, yangu utepe mwekundu, na hadi naandika haya risiti iko mbele kurasa arobaini.